Kompyuta za Shule na Hewa ya Mbweni

Imeenea imani kwamba kompyuta ni chombo cha baridi, na kwamba shule isiyo na kiyoyozi haistahili kuwa na chumba cha kompyuta. Imani hiyo ina madhara mawili. Kwanza, huichelewesha shule yenye uwezo mdogo, kwa kuwa fedha za kununulia mashine husubiri fedha za kununulia kiyoyozi. Pili, huwafanya walimu na wanafunzi waamini kwamba mashine ikiharibika iliyoiharibu ni hali ya hewa, na kwa hiyo hapana la kufanya ila kuagiza nyingine. Ukweli ni kwamba hewa ya Unguja peke yake haiui kompyuta. Kinachoiua ni njia ya joto iliyozibwa: njia inayoanzia ndani ya chipu na kuishia nje ya dirisha la darasa. Njia hiyo inaweza kupimwa, kuhesabiwa na kusafishwa na mwanafunzi wa sekondari aliyesoma fizikia yake vizuri.

Mbweni ni mahali panapofaa kutolewa mfano. Mtaa huo uko kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kando ya bahari, karibu na uwanja wa ndege. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, na hapo ndipo yalipo magofu ya shule ya wasichana iliyoanzishwa na Misheni ya Vyuo Vikuu katika miaka ya 1870. Katika miezi ya Februari na Machi halijoto ya mchana hufika nyuzi 32 au 33 za Sentigredi, na usiku haishuki sana chini ya nyuzi 24. Hewa ina unyevu mwingi na chumvi ya bahari. Kompyuta inayoweza kudumu Mbweni itadumu Mkoani, Tanga, Lamu na Mombasa.

Joto linakotoka

Sehemu kubwa ya kompyuta ya mezani ni ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi. Juu ya ubao huo hukaa prosesa inayofanya hesabu, kumbukumbu inayohifadhi kazi kwa muda, na chipu nyingine ambazo kwa pamoja huitwa chipuseti. Kazi ya chipuseti inafanana na kazi ya karani wa bandari: yeye hachukui mzigo kichwani, bali huamua mzigo upi upite mlango upi na kwa zamu ipi. Data inayotoka katika diski, katika kibodi au katika waya wa mtandao hupita mikononi mwake.

Karani huyo hula umeme, na umeme wote anaoula hugeuka kuwa joto. Hilo ni sharti la kanuni ya kuhifadhiwa kwa nishati. Kompyuta hainyanyui mzigo wala haisukumi maji. Wati 60 zinazoingia kwa waya wa ukutani hutoka zote zikiwa joto, isipokuwa kiasi kidogo mno kinachotoka kama mwanga na sauti. Kwa hiyo kuuliza kama kompyuta itatoa joto ni kupoteza wakati. Swali linalofaa ni joto hilo litapita wapi.

Katika mashine za zamani chipuseti ilikuwa na chipu kubwa mbili, moja ikiitwa daraja la kaskazini na nyingine daraja la kusini. Daraja la kaskazini liliunganisha prosesa na kumbukumbu, nalo ndilo lililokuwa na joto kali zaidi. Mwaka 2003 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za mezani ambazo usimamizi wa kumbukumbu uliingizwa ndani ya prosesa yenyewe, na Intel ikafuata njia hiyo mwaka 2008. Tangu hapo joto kubwa limehamia kwenye prosesa, na chipuseti nyingi za Intel za mezani za miaka ya karibuni zimekadiriwa kutoa wati 6 tu.

Hata hivyo historia hiyo haikwenda kwa mstari ulionyooka. Mwaka huo huo wa 2008 Intel iliuza ubao mdogo wa bei nafuu uliokuwa na prosesa ya Atom 230. Prosesa hiyo ilikadiriwa kutoa wati 4, lakini chipuseti iliyofungwa pembeni yake, yaani 945GC, ilikadiriwa kutoa wati 22. Ndiyo maana katika ubao ule feni iliwekwa juu ya chipuseti, nayo prosesa ikaachwa na hitisinki peke yake, yaani kile kipande cha chuma chenye mapezi cha kutolea joto. Mwaka 2019 AMD ilitoa chipuseti ya X570 yenye kasi kubwa ya kupitisha data. Ilikadiriwa kutoa wati 11, na feni ndogo, ambazo watu walidhani zimekwisha zamani, zikarudi kwenye chipuseti. Miaka miwili baadaye watengenezaji wakatoa bao za aina hiyo zisizo na feni, kwa kutumia hitisinki pana zaidi.

Mwalimu anayepokea kompyuta ishirini zilizokwisha kutumika nchi nyingine, jambo la kawaida katika shule nyingi za Afrika Mashariki, anapata somo hapo. Umri wa mashine humwambia mahali pa kutazama. Ikiwa mashine ni ya kabla ya mwaka 2008, uwezekano ni mkubwa kwamba mgonjwa si prosesa bali ni yule karani aliye pembeni.

Hesabu ya njia ya joto

Joto hutoka katika chipu kwa hatua. Kwanza huenda kwa mpitisho kutoka kwenye chipu hadi kwenye hitisinki. Kisha huenda kwa myuko kutoka kwenye mapezi hadi kwenye hewa iliyo ndani ya kasha. Mwisho hewa hiyo yenyewe hutoka nje ya kasha, kisha nje ya chumba. Kila hatua ina ukinzani wake, kama vile maji yanavyokuta ukinzani katika bomba jembamba. Ukinzani wa joto hupimwa kwa nyuzi kwa kila wati, na kanuni yake ni nyepesi: halijoto ya chipu ni sawa na halijoto ya hewa inayoizunguka, ukiongeza wati zinazotolewa zikizidishwa kwa ukinzani.

Uchukuliwe mfano wa kufundishia. Chipuseti inatoa wati 20, na ukinzani kutoka chipu hadi hewa ya kasha ni nyuzi 2.2 kwa wati. Kuzidisha kunatoa nyuzi 44. Hewa ya ndani ya kasha huwa na joto kuliko hewa ya chumba. Tofauti yake iwe nyuzi 7. Katika chumba cha nyuzi 20, kama vyumba vingi vya Ulaya ambako mashine hizi hutumika kwanza, chipu itafika nyuzi 71. Katika chumba cha Mbweni cha nyuzi 32, chipu ile ile, ikifanya kazi ile ile, itafika nyuzi 83. Nyuzi 12 za tofauti ya chumba zimepanda moja kwa moja hadi ndani ya chipu.

Sasa vumbi liingie. Mapezi yakijaa nyuzi za nguo na unga wa chaki, ukinzani ukapanda hadi 3, na hewa ya kasha ikazidi hewa ya chumba kwa nyuzi 12, hesabu itakuwa 32 na 12 na 60, yaani nyuzi 104. Mpaka wa usalama wa chipu nyingi za aina hiyo uko karibu na nyuzi 100. Msomaji atazame tarakimu hizo kwa makini. Hali ya hewa ya Mbweni imeongeza nyuzi 12. Vumbi na uzembe vimeongeza nyuzi 21. Ukubwa wa adui umejulikana, na adui mkubwa si jua.

Kuna jambo la pili linalofaa kuhesabiwa. Kandokando ya chipuseti hukaa kapasita, yale mapipa madogo yenye kimiminika ndani yake. Wahandisi hutumia kanuni ya jumla kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita ya namna hiyo kwa nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 inaweza kutarajiwa kudumu saa 16,000 kwa nyuzi 75, na saa 32,000 kwa nyuzi 65. Shule inayotumia kompyuta saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki arobaini kwa mwaka, hutumia saa 1,600 kila mwaka. Kwa hiyo nyuzi 10 hizo zinatenganisha miaka kumi na miaka ishirini ya matarajio. Kwa shule ambayo haitapata mashine nyingine upesi, hilo si jambo la kupuuzwa.

Karani aliyesahauliwa

Prosesa ina mtetezi wake. Ina feni kubwa, ina kipimo cha joto ndani yake, na prosesa za miaka ya karibuni hujipunguzia kasi zenyewe zinapopata joto kupita kiasi. Chipuseti nyingi za zamani hazikupewa breki hiyo. Zikizidiwa, mashine huganda, au hujizima na kujiwasha, au hupoteza diski na vifaa vya nje bila sababu inayoonekana. Mwanafunzi husema kompyuta ina virusi. Programu zote hufutwa na kuwekwa upya, na baada ya saa moja ya kazi mashine huganda tena. Dalili kubwa ya ugonjwa wa joto ni hiyo hiyo: asubuhi mashine ni nzima, mchana ni mgonjwa.

Tena chipuseti mara nyingi hupewa hewa ya makombo. Feni ya prosesa ya aina ya kawaida hupuliza kuelekea chini kwenye ubao, na hewa hiyo ikitawanyika hupoza majirani wote. Fundi akiiondoa na kuweka feni ya mnara inayopuliza ubavuni, prosesa itapoa vizuri zaidi, lakini chipuseti itakosa hata ile hewa ya makombo. Vivyo hivyo, kadi kubwa ya picha ikifungwa juu ya chipuseti huifunika kama mfuniko wa chungu. Badiliko linalosaidia sehemu moja laweza kuidhuru sehemu nyingine. Ndiyo maana kipimo kinatakiwa kabla ya badiliko na baada yake.

Hapa yafaa kutaja desturi tatu zinazoonekana kuwa dawa na kumbe ni sumu. Ya kwanza ni kuacha ubavu wa kasha wazi na kuelekeza feni ya mezani humo. Kwa siku chache halijoto hushuka. Baada ya miezi michache mapezi huwa yamejaa vumbi, kwa kuwa njia ya hewa iliyopangwa na mtengenezaji imevunjwa, na mjusi kafiri huingia kutafuta vuguvugu na wadudu. Mjusi akigusa nyaya mbili kwa wakati mmoja hufa yeye na ubao pamoja.

Ya pili ni kupaka dawa ya meno mahali pa pesti ya joto. Pesti hiyo ina kazi moja tu: kujaza vinyweleo vya hewa vilivyoko kati ya chipu na hitisinki. Hewa hupitisha joto vibaya sana. Alumini huipita kwa kiasi cha mara elfu tisa. Pesti nzuri hubaki laini kwa miaka. Dawa ya meno ina maji. Hukauka na kupasuka, na hewa ikarudi mahali pake. Hata pesti halali haifai kupakwa kama siagi ya mkate, kwa maana pesti yenyewe hupitisha joto vibaya kuliko chuma. Utando mwembamba unatosha.

Ya tatu ni kuiamini feni ndogo kupita kiasi. Feni ni kifaa kinachozunguka, na kila kinachozunguka huchakaa, hasa penye vumbi na hewa ya chumvi. Feni ndogo ya chipuseti ikisimama haipigi kelele. Kinyume chake, hunyamaza, na watumiaji hufurahi kwamba mashine imetulia. Mahali kama Mbweni hitisinki pana isiyo na feni ni amana bora kuliko hitisinki ndogo yenye feni.

Je, kiyoyozi si jawabu?

Wanaotetea kiyoyozi wana hoja, na haki inataka isikilizwe. Penye seva nyingi zilizopangwa kabatini usiku na mchana, kiyoyozi au njia nyingine ya nguvu ya kupoza haiepukiki. Chama cha wahandisi wa upozaji cha Marekani, kiitwacho ASHRAE, hupendekeza hewa ya nyuzi 18 hadi 27 kwa vyumba vya namna hiyo. Lakini chama hicho hicho kina daraja la vifaa vinavyoruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi 35. Pendekezo na ruhusa ni mambo mawili tofauti, na darasa la shule si kituo cha seva za benki.

Mwaka 2008 Intel ilitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa katika jimbo la New Mexico nchini Marekani. Seva zipatazo 900 ziligawanywa mafungu mawili kwa muda wa miezi kumi. Fungu moja lilipozwa kwa viyoyozi; jingine lilipewa hewa ya nje iliyochujwa kidogo tu, ambayo iliruhusiwa kufika nyuzi 32, na unyevu wake haukudhibitiwa. Seva za hewa ya nje zilifunikwa na vumbi. Hata hivyo kiwango chake cha kuharibika kilikuwa asilimia 4.46, wakati kile cha kituo kikuu cha kampuni kilikuwa asilimia 3.83. Tofauti ipo, lakini si maangamizi. New Mexico ni nchi kavu isiyo na bahari, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Unguja kama yalivyo. Yanatosha tu kuonyesha kwamba nyuzi 32 si hukumu ya kifo.

Na je, kiyoyozi cha darasani kinapoza nini? Kompyuta 20 pamoja na vioo vyake, zikila wati 80 kila moja, hutoa wati 1,600. Binadamu aliyekaa kitini hutoa kiasi cha wati 100. Wanafunzi 40 hutoa wati 4,000. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi ni kupoza wanafunzi. Hilo si kosa, kwani mwanafunzi naye anastahili raha. Lakini isisemwe kwamba kiyoyozi kimenunuliwa kwa ajili ya mashine.

Kuna hatari nyingine inayojulikana kidogo zaidi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande inapokutana na kitu chenye halijoto ya nyuzi 25 au chini yake. Chumba kikipozwa hadi nyuzi 20, kisha umeme ukakatika na madirisha yakafunguliwa, hewa ya nje itaweka umande juu ya kila kitu kilichozimwa na kupoa, zikiwemo bao mama na pini za soketi. Maji hayo yakichanganyika na chumvi iliyomo vumbini huanza kula shaba. Darasa linalobaki na joto la kawaida mwaka mzima haliupati umande huo, na chipu yenye joto kidogo kuliko hewa hubaki kavu daima.

Visiwa vya Zanzibar vinajua maana ya umeme kukatika. Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Hitilafu za njia hiyo ziliiacha Unguja gizani kuanzia Mei hadi Juni 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013 na hali ikawa afadhali. Lakini chumba kilichojengwa bila madirisha ya kupitisha hewa, kwa kutegemea kiyoyozi, hugeuka tanuri siku umeme unapopungua nguvu. Na shule ikiwa na jenereta ndogo, jenereta hiyo yaweza kuwasha kompyuta lakini isiweze kuwasha kiyoyozi.

Somo la kuta za zamani

Kuzitoa nje zile wati 5,600 za mashine na wanafunzi, bila hewa ya chumba kuzidi hewa ya nje kwa zaidi ya nyuzi 2, kunahitaji kiasi cha mita za ujazo 2.4 za hewa kila sekunde. Tarakimu hiyo inaonekana kubwa. Lakini upepo mwepesi wa mita moja kwa sekunde, ukipita katika madirisha yenye uwazi wa jumla wa mita za mraba 2.4 upande mmoja na mengine kama hayo upande wa pili, unaipeleka hewa hiyo bila senti moja.

Wajenzi wa mwambao walilijua jambo hili kabla ya kuwapo neno kompyuta. Nyumba kubwa za Mji Mkongwe zina dari ndefu, kuta nene za mawe na chokaa, na baraza zinazozuia jua lisiguse ukuta. Hawakuwa na kipimajoto, lakini walikuwa na karne za kuangalia. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na wa kusi kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo chumba chenye madirisha mashariki na magharibi hupata hewa katika misimu yote miwili, ila ni lazima kiwe na baraza au kivuli cha miti ili jua la asubuhi na la alasiri lisiingie. Kipindi kigumu ni maleleji, pale upepo mmoja umekwisha kuondoka na wa pili haujashika, hasa mwezi Machi. Chumba kipimwe mwezi huo. Kikifaulu Machi, miezi mingine haina shaka.

Bahari ina neno lake pia. Dirisha linalopokea upepo wa moja kwa moja kutoka ufukweni huleta chumvi. Hapo pazia la kitambaa chepesi linalofuliwa kila wiki ni chujio la kutosha, na meza za kompyuta ziwekwe mbali na dirisha hilo, kasha zikiwa zimeinuliwa juu ya sakafu na migongo yake ikiwa angalau shubiri moja kutoka ukutani.

Yanayopasa kutendwa

La kwanza linahusu wanunuzi. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, pamoja na kila mfadhili anayeleta mashine, haifai iulize bei na kasi tu. Iulize pia: ubao huu umepimwa katika hewa ya nyuzi ngapi? Chipuseti yake inatoa wati ngapi, na hitisinki yake ina feni au haina? Mashine inayokula wati 30 kwa kazi za shule ina thamani kuliko ile ya wati 100, hata kama ya pili ni ya bure, kwa kuwa wati 70 za ziada hulipwa mara mbili: katika ankara ya umeme na katika maisha ya kapasita. Kompyuta ya msaada isiyoweza kustahimili hewa ya mahali inapopelekwa ni mzigo wa kutupa uliosafirishwa mbali.

La pili linahusu shule. Kila mwisho wa muhula kasha zifunguliwe baada ya waya kuchomolewa ukutani. Vumbi litolewe nje ya darasa kwa brashi laini na pampu, huku mabawa ya feni yakishikwa yasizunguke. Feni zote zikaguliwe kwa macho, kwani iliyosimama haitambuliki kwa sikio. Pesti ibadilishwe inapokuwa imekauka. Kazi hiyo kwa mashine ishirini ni ya siku mbili, na hakuna kifaa cha gharama kinachohitajika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu, na ndilo kubwa, linahusu somo la fizikia. Mpitisho, myuko na mnururisho hufundishwa kwa sufuria ya maji na kijiko cha chuma, kisha mtihani ukaisha na somo likasahauliwa. Ni hasara iliyoje, wakati chumba cha pili kina maabara iliyo tayari! Wanafunzi wapime hewa inayoingia na inayotoka kwenye kasha kwa kipimajoto cha kawaida. Wasome halijoto ya chipu katika programu za mashine inapokuwa na kipimo, au waibandike kwenye hitisinki ncha ya waya wa kupimia joto unaokuja na mita za umeme za bei nafuu. Wakitumia kipimajoto cha mnururisho wabandike kwanza kipande cha utepe mweusi, maana chuma king'aavyo hudanganya kipimo hicho. Na wasitumie vile vya kupimia homa, ambavyo husoma karibu na joto la mwili tu. Matokeo yaandikwe katika daftari, mashine kwa mashine, mwezi kwa mwezi, kabla ya kusafisha na baada yake.

Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa na maarifa ambayo hayapatikani katika kitabu chochote kilichoandikwa London au California: mashine ya aina gani inadumu katika hewa ya chumvi ya Mbweni, feni gani inasimama kwanza, dirisha gani linaleta upepo wa kutosha mwezi Machi. Taasisi ya Karume, iliyo jirani, yaweza kuyakusanya madaftari ya shule kadhaa na kuyalinganisha. Hapo wizara itakaponunua mashine nyingine itanunua kwa ushahidi, wala si kwa picha za kwenye makasha. Kazi hiyo yaweza kuanza muhula ujao, kwa kipimajoto kimoja na daftari moja.